Namba Saba Yang'aa

Msasa alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya giaboksi namba saba, akautoa, akaunusa, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.

Mafuta yalikuwa meusi na yalinuka kuungua. Hilo halikumshangaza. Kilichomkera ni meno ya gia. Yote yalikuwa yamevaa utando wa rangi ya asali iliyokolea, mwembamba, mgumu, uliong'ang'ania chuma kama rangi ya chai inavyong'ang'ania ndani ya birika. Alipitisha kitambaa: haukutoka. Alikwaruza kwa ukucha: ukucha ukavunjika.

Vanishi. Mafuta yakichemka mno na kukaa mno huchakaa, na uchakavu wake hujibandika kwenye chuma. Ukishajibandika huzuia joto lisitoke, joto nalo huzidi kuyachakaza mafuta, na mambo huendelea hivyo mpaka beringi zife. Msasa aliyajua haya vizuri kama alivyoyajua majina ya watoto wake. Vizuri zaidi, kwa kweli, maana majina ya watoto alikuwa akiyachanganya.

Jina la Msasa alipewa kazini kwa sababu hakuweza kukiacha kitu kikiwa kichafu. Nyumbani aliwahi kuisugua sufuria ya mama mkwe wake mpaka ikatoboka. Mama mkwe hakusamehe. Tangu Msasa aajiriwe hapa kiwandani kwa majaribio, mama huyo alikuwa akimtambulisha kwa majirani kama "mkwe wetu wa muda."

Majaribio yalikuwa yanakwisha. Bosi angetoa uamuzi kesho, baada ya ugeni.

Asubuhi Bosi alikuwa amepiga simu kutoka mjini, alikokwenda kuwapokea wageni, wahandisi kutoka viwanda kadhaa. "Fundi, wanakuja kuiona namba saba. Fagia, panga viti, angalia taa zinawaka. Mengine niachie mimi."

Msasa alifagia, akapanga viti, akawasha taa. Taa ndizo zilizomponza. Zilimulika kidirisha cha kioo ambacho mtu alikuwa amekitengeneza ubavuni mwa giaboksi, na nyuma ya kioo Msasa akaona ule ukahawia. Wageni wangechungulia humo. Wangemwona nani mzembe, kama si fundi wa zamu?

Akazunguka upande wa pili. Feni ya kupozea ilikuwa imechomolewa, na waya wake umeviringwa na kutundikwa msumarini. Msasa alikuwa ameona uzembe wa kila aina, lakini uzembe uliokunjwa vizuri namna ile hakuwahi kuuona.

Aliizima mashine, akatega sikio asikie kelele kutoka upande wa uzalishaji. Kwa kawaida ukizima giaboksi moja wanakuja watu watatu kukutukana. Hakuja mtu. Akaishukuru bahati yake, akafungua nati.

Sasa, mkono ukimchuruzika mafuta, alikwenda stoo. Mtunza stoo, mama wa makamo, alimpenda kwa kuwa ndiye fundi pekee aliyerudisha spana zikiwa safi kuliko alivyozichukua.

"Nipe mafuta mapya ya namba saba, mama. Na ile dawa ya kuyeyusha vanishi."

"Ya namba saba?" Mama alivua miwani. "Mwanangu, tangu nianze kazi hapa sijawahi kutoa mafuta ya namba saba."

"Ndio ugonjwa wenyewe huo."

"Bosi hujisifia hilo. Kila mgeni akija, yeye humsimulia."

"Mama, hilo si la kujisifia. Hilo ni la kuficha."

"Na anajua kwamba unabadilisha?"

"Atafurahi."

"Sijauliza kama atafurahi. Nimeuliza kama anajua."

Lakini Msasa alikuwa ameshajitwika dumu.

Alifanya kazi mpaka jua likaingilia dirisha la magharibi. Alimwaga mafuta machafu, akaizungusha dawa ndani, akaimwaga nayo. Kisha akashika brashi ya nailoni na kuanza jino moja baada ya jingine, amepiga magoti, tochi mdomoni, akiguna. Utando ulilegea, ukajikunja, ukatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Kila alichokitoa alikitupa kwenye pipa la taka, na pipa akalimwaga kwenye tanuri la kuchomea taka. Akabadilisha chujio. Akasafisha kioo mpaka ukadhani hakipo. Akarudisha feni kwenye umeme.

Alipoiwasha, namba saba ilinguruma kwa sauti ya chini kama paka aliyeshiba. Joto likashuka. Meno yaling'aa kiasi cha mtu kujinyolea ndevu humo.

Akampigia mkewe. "Mwambie mama aanze kulizoea neno la kudumu."

"Umeshapewa?"

"Nitapewa. Wakifunua tu ile mashine, nimepewa."

Asubuhi iliyofuata wageni walijaza viti vyote, na wengine wakasimama ukutani. Bosi alifika nao moja kwa moja kutoka kwenye basi, amevaa suti, jasho likimtoka. Alimkuta Msasa amesimama kando ya giaboksi, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi.

"Kila kitu sawa, fundi?"

"Zaidi ya sawa, Bosi."

"Vizuri. Kaa hapohapo, nitakutambulisha. Leo ni siku yangu, na siwasahau walionisaidia."

Msasa alivuta kifua mbele. Bosi akaweka kiganja juu ya mfuniko taratibu, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala, akawageukia watu.

"Ndugu zangu, vanishi nyote mmeisoma, na nyote mmeiona pichani. Hii niliyonayo hapa nimeilea mwenyewe tangu binti yangu anatambaa, na sasa yuko chuo kikuu; sijui kama kuna mwingine popote aliyevumilia kuikuza kiasi hiki. Fundi, hebu wafunulie."