Kikombe cha Makame

Mwanahawa alikuwa akikaanga mihogo nyuma ya uzio wa uwanja, na wanaume waliokuja kula walikuwa wakibishana kuhusu mumewe. Makame, mfungaji wao tegemeo, alikuwa amewekwa benchi tena.

"Ni goti," alisema mmoja.

"Goti gani? Jana nimemwona anaendesha baiskeli. Kocha ana chuki naye tu."

Mzee Foum, fundi cherehani, alimeza kwanza. "Kocha mnamwonea. Tangu kijana aoe, mpira umemkataa. Kuna wanawake huingia nyumbani na nuksi zao."

Sahani zikaanza kurudishwa mezani, moja baada ya nyingine, na mihogo ile ile waliyoigombania msimu uliopita ikiwa haijaguswa. Mwanahawa akaendelea kugeuza iliyokuwa kwenye karai, maana angeiacha ingeungua.

Ndipo Makame alipoambiwa apashe misuli. Akaja akikimbia taratibu kando ya uzio, na mkewe akampenyezea kikombe cha maji kwenye tundu la waya, kama alivyofanya kila mechi tangu wakiwa wachumba.

"Usinywe, mwanangu," Mzee Foum alisema, kwa upole kabisa.

Makame akawatazama wale wanaume. Hakumtazama mkewe. Akayamwaga maji chini, polepole, mpaka tone la mwisho, nao wakampigia makofi kana kwamba amefunga bao.

Kikombe alikiacha kwenye nyasi. Mkono wa Mwanahawa ulikuwa bado umepenya kwenye waya, kiganja kikiwa wazi.