Maumivu ya Chiriku

Palizuka vita kati ya nyani na ngiri, wakigombea chemchemi. Kila asubuhi Kasuku, msemaji wa Mfalme Nyani, alitangaza ushindi. Lakini Chiriku aliruka pande zote mbili, akasimulia alichokiona: majeruhi huku na huku, na watoto wenye kiu. Mfalme akakasirika, akaamuru afungwe mdomo kwa kamba.

Siku hiyo akafika Korongo, balozi wa nchi ya mbali, aliyetumwa kupatanisha.

"Umejisumbua bure, Mheshimiwa," Mfalme akamwambia. "Hapa hakuna vita. Ni uvumi wa ngiri tu."

Korongo akamwona Chiriku. "Na huyu bwana, mbona kafungwa mdomo?"

Mfalme akababaika. "Huyo... huyo anaumwa meno."

Korongo akacheka hadi miguu yake mirefu ikayumba. "Ewe Mfalme, tangu lini ndege akawa na meno?"

Baraza zima likaangua kicheko, nyani wenyewe wakiwamo. Wakamfungua Chiriku, naye akaeleza yote. Korongo akaenda kwa ngiri, akarudi nao wakiwa tayari kusuluhishwa. Jioni nyani na ngiri wakanywa pamoja. Mfalme alikunywa wa mwisho, maana kila aliyemtazama alikuwa bado anacheka.