Kinywa cha Jiji

Tangu Atupele ateuliwe kuwa Kinywa cha Jiji, mumewe Ambakisye alikuwa akitembea kifua mbele. Kila jiji lilichagua mkazi mmoja, likamwekea kooni mahitaji ya wote ayapeleke bungeni. Hadi yakubaliwe yote, mtu huyo hakuweza kutamka neno jingine.

"Shemeji, mkeo ametutoa kimasomaso!" jirani yao, Bi Sekela, alipiga vigelegele hotuba ya Atupele bungeni ilipokwisha kurushwa redioni. Wabunge walikuwa wamekubali maji na zahanati. Ilibaki mifereji tu, nayo ingejadiliwa mwakani.

Atupele aliporejea nyumbani, Ambakisye akapika kande anazozipenda mkewe. "Chumvi imekolea, Mama Lusajo?"

Atupele alionja, akamtazama kwa upole. "Waheshimiwa, mvua zikinyesha, mitaa yetu hufurika."

"Imekolea," Ambakisye alijijibu, huku akitabasamu.

Mara Lusajo, mtoto wao wa pekee, akaanguka uani na kuchubuka goti. Akamkimbilia mama yake akilia. Atupele alimkumbatia, akafumbua kinywa ampe pole.

"Waheshimiwa," alimnong'oneza sikioni, "tunaomba mifereji."

Mtoto akanyamaza, akafuta machozi, kisha akampigia makofi kama alivyofundishwa.