Tovuti Tano za Ijumaa

Siku hizi kila nyumba hufunguliwa tovuti tano tu kwa wiki, zile alizoichagulia mkutubi wa kata. Bi Saumu haoni tabu. Mkutubi aliwahi kuwaletea tovuti ya mdondo kabla kuku hawajaugua, na ya kulea mapacha kabla binti yao hajajijua kuwa ni mjamzito. Hajakosea hata mara moja.

Ijumaa hii Bi Saumu aliisoma orodha akitabasamu: maharage ya nazi, kushona mapazia, mihogo, kaswida. Ya tano ilimfundisha mwanamke aliyefiwa na mume namna ya kukaa eda.

Uani, mumewe Shekue alikuwa akikaza bawaba ya mlango huku akipiga mluzi.

"Mama Zuhura, mkutubi katuletea nini?"

"Mapishi tu, baba Zuhura. Njoo ule," akajibu, akampakulia vipande vyote viwili vya samaki.