Jina Ubaoni

Wanawake wanaolinda kompyuta za watu zisiibiwe siri walifanyia mkutano wao ukumbini kwa Bi Mwanaidi. Yeye akawaandikia ubaoni neno la siri la intaneti: makame.

"Makame tu, mama?" akauliza mmoja wao.

"Makame tu, mwanangu."

Likapita meza hadi meza, Makame, Makame. Tangu Bi Mwanaidi amzike mumewe, Makame, mwaka wa nne huu, watu hawalitaji jina hilo mbele yake, wanamwonea huruma. Akasema kimoyomoyo, alhamdulillahi.

Rukia, msimamizi wa mkutano, akamjia akicheka. "Mama, hili hata mwizi anayejifunza atalibahatisha! Lifute, tuweke gumu."

"Nalifuta, mwanangu," akasema, akachukua kitambaa.

Wakaingia wawili waliochelewa. "Jamani, neno la intaneti ni lipi?"

Bi Mwanaidi akasimama kando ya ubao, kitambaa mkononi, jina bado hajalifuta, akingoja wajibiwe.