Yangu, Yako

Golikipa anatakiwa kujua neno moja tu: "Yangu!" Akilipaza, mabeki wanampisha. Lakini Sudi Mkwanda, tangu teke la mwaka uliotangulia lilipomvunja taya, kila mpira ulipokuja alijikuta akipiga kelele, "Yako!"

"Yako tena?" Chande, beki wake, aliutoa mpira nje kwa kichwa, akageuka akihema. "Kaka, hata shemeji akipakua ubwabwa unamwambia yako?"

Mabeki wakaangua kicheko. Sudi naye akacheka. Kabla ya mechi mwalimu wa timu alishamwambia: leo akiogopa tena miguu ya watu, jezi ya kipa aivue moja kwa moja.

Zikiwa zimebaki dakika tano, Chande akakanyagwa kifundo, akatolewa nje akichechemea. Enzi hizo sheria haikuruhusu mtu kuingia badala yake. Mpira ulipoanza tu, mshambuliaji mmoja mpana kama kabati akawapita mabeki waliobaki, akachomoka nao peke yake.

"Yako," Sudi alinong'ona. Kushoto hapakuwa na mtu. Kulia napo hapakuwa na mtu.

"Yako, kaka!" Chande alifoka kutoka nje ya uwanja, safari hii bila utani. "Hiyo ni yako!"

Taya likaanza kumuuma kabla hata hajaguswa. Akatoka golini mbio, akajirusha chini, mikono mbele. Njumu ikainuka juu ya uso wake, misumari imejaa majani mabichi, na tone la tope likamdondokea shavuni. "Yangu!" Sudi akapaza, mpira ukiwa umebanwa kifuani pake.