Barafu ya Goti

Benchi la timu ya kikapu ya kulipwa lilibakiza kiti kimoja. Waliokigombea walikuwa Mrefu na Kigoda, marafiki wa chanda na pete.

Kocha alimkuta Mrefu koridoni. "Mwanangu, goti la mwenzio limepona?"

Vidole vya Mrefu vilikuwa bado na ganzi. Alikuwa ametoka tu kumkanda Kigoda goti kwa barafu, kwa siri, kocha asijue.

"Bado limevimba, kocha," akasema, macho chini.

Kocha akampa jezi.

Chumbani, Kigoda alikuwa amenyoosha mguu, anacheka. "Rudi unikande, daktari wangu! Nikipata kile kiti, we utaniletea maji."

Mrefu akaisokomeza jezi ndani ya kaptula, mgongoni, akapiga magoti, akaishika tena ile barafu.